Ukitaka Wete, Elekeza Mkoani

"Mjomba, simu inasema Wete iko mbele yetu sawasawa. Mbona omo inatazama Mkoani?"

Aliyeuliza ni mtoto wa dada yangu, wiki mbili zilizopita, saa nne usiku, taa za Tanga bado zinamemeta nyuma yetu. Omo ni pua ya chombo, na Wete na Mkoani ni miji ya Pemba: Wete upande wa kaskazini, Mkoani upande wa kusini. Tulikuwa tumepakia mahindi, vitunguu, na mbuzi ambao tangu bandarini hawajanyamaza. Simu ameiegemeza kwenye sanduku la dira, ramani iko wazi, alama ya buluu inaonesha tulipo, na mstari alioupiga yeye mwenyewe unakwenda mashariki moja kwa moja mpaka Wete. Kwa ramani, kijana yuko sahihi kabisa. Tanga na Wete ziko karibu mstari mmoja, zote digrii 5 na dakika chache kusini mwa ikweta. Toka Tanga, fuata matlai, yaani mashariki, maili kama 37 za baharini, umefika kwenu.

Nikamwambia, "Mwanangu, ukitaka Wete, elekeza Mkoani." Nikanyamaza. Ndivyo nilivyoambiwa na mimi nilipokuwa mdogo wake, na sikuelewa mpaka yaliponifika. Lakini tangu usiku ule nimekuwa najilaumu. Kijana kauliza swali la maana, nami nimempa maneno ya baba yangu bila kumpa sababu yake. Ndiyo maana nimekaa leo kuandika, kwa ajili yake na kwa kila anayeshika usukani kuvuka maji haya huku macho yako kwenye kioo cha simu.

Tuanze na jina lenyewe. Maji yaliyo baina ya Pemba na bara tunayaita mkondo. Baharia wa kwetu akisema "tuko mkondoni" hasemi tu mahali alipo, anasema pia kwamba maji ya hapo yanakwenda. Na yanakwenda kweli. Maji haya yanatoka mbali, upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Yanasukumwa kuja magharibi, yanapita kaskazini ya Bukini, yaani Madagaska, na yakigonga pwani karibu na mpaka wetu na Msumbiji yanagawanyika: mengine yanashuka kusini, mengine yanapanda kaskazini kufuata pwani yetu yote. Haya yanayopanda hayana likizo. Mwaka mzima kwetu yanakwenda kaskazini, iwe kusi, upepo wa kusini, iwe kaskazi, upepo wa kaskazini, iwe maleleji baina yake. Kinachobadilika ni mwendo wake tu. Wakati wa kusi upepo unayasukuma kutoka nyuma, na maili 2 kwa saa ni jambo la kawaida. Siku za kusi kali hufika 3, hata 4. Kaskazi ikiingia, upepo unayazuia, yanapungua mpaka maili moja au chini yake.

Na Pemba si kama Unguja. Ukivuka kutoka bara kwenda Unguja, chini yako kuna mita makumi tu za maji. Baina ya Pemba na bara kuna bonde linalofika kina cha mita 800. Nanga huko haikusaidii kitu. Mashine ikizima katikati ya mkondo wa Pemba huna pa kushika, unakwenda maji yanakokwenda.

Sasa fanya hesabu na mimi. Chombo chetu kikiwa na shehena kinakwenda maili 5 kwa saa. Maili 37 ni saa saba na nusu hivi. Ukielekeza omo mashariki sawasawa, na mkondo, tuseme, unakwenda maili 2, katika saa saba na nusu umesukumwa kaskazini maili 15. Kutoka Wete mpaka Ras Kigomasha, ncha ya mwisho ya Pemba, ni maili kama 11. Unaona ulipo? Umeipita Pemba yote. Umeelekeza Wete usiku kucha bila kukosea hata digrii moja, na asubuhi huna kisiwa mbele yako.

Lakini ukiinamisha omo kusini, badala ya digrii 90 ukashika kama 115, chombo kinapanda kidogo dhidi ya mkondo kila saa kwa kiasi kilekile ambacho mkondo unakirudisha. Kinakwenda upande kama kaa, omo inatazama Mkoani, na huku chenyewe kinasogea kuelekea Wete. Gharama yake ni dakika kama arubaini na tano zaidi njiani. Basi. Hiyo ndiyo hesabu iliyomo ndani ya maneno ya baba, ambaye shule hakwenda zaidi ya chuoni kwa mwalimu wake wa Kurani.

Nisingeyathamini maneno hayo kama si mwaka 1997.

Ilikuwa mwezi wa saba, kusi limesimama. Mimi nina miaka kumi na sita, safari yangu ya nne kuvuka. Tumetoka Tanga saa tatu usiku, tanga limefungwa, tunakwenda kwa mashine. Baba alikuwa na homa. Alishika usukani mwenyewe mpaka saa saba usiku, kisha akaniita. Ami yangu, mdogo wake baba, alikuwa chini anafua maji, anayatoa chomboni, maana chombo kilikuwa kinavuja kidogo upande wa tezi, kule nyuma. Baba akaniwekea kidole juu ya kioo cha dira, mwanga wa kandili unamulika kucha lake, akasema, "Hapa. Usiache sindano itoke hapa. Ukichoka, niamshe." Akajifunika shuka, akalala pale pale karibu na miguu yangu.

Ukiushika mwendo ule wakati wa kusi, mawimbi yanakuja karibu usoni, upande wa kulia wa omo. Kila moja linapasuka ubavuni na kukumwagia maji ya chumvi. Baada ya saa moja nilikuwa nimelowa, natetemeka, macho yanawasha. Nikagundua kwamba nikiiachia omo kidogo kushoto, chombo kinatulia, maji hayanirukii tena, mbuzi wananyamaza, hata mlio wa mashine unakuwa laini. Nikaiachia kidogo. Kisha kidogo tena. Na moyoni nikajihalalishia: Wete si iko mashariki? Mimi ndiyo naielekea hasa, baba ana homa, pengine kaweka kidole pasipo. Kufika alfajiri sindano ilikuwa imeipita hata mashariki yenyewe, inatazama kaskazini kidogo. Nami nilikuwa nimekauka, nina raha, nadhani nimeendesha vizuri.

Kulipopambazuka baba akaamka kuswali. Alitawadha kwa maji ya bahari, akasimama kutafuta kibla, na akabaki amesimama. Hakuwa anatazama kibla. Alikuwa anatazama kulia kwetu. Nami nikatazama. Upande wa kusini-mashariki, mbali kidogo, juu ya mstari mwembamba wa miti, kulikuwa na mnara. Mnara wa taa wa Kigomasha. Kwa safari iliyokwenda sawa, mnara ule hauuoni kabisa, uko mbali kushoto, nyuma ya visiwa. Sisi tulikuwa nao kulia. Tulikuwa tumeshafika juu ya ncha ya Pemba, na mbele ya omo palikuwa na bahari tupu na jua linachomoza ndani yake.

Baba hakunipiga wala hakunitukana. Alinitoa usukani kwa mkono mmoja, taratibu, kama anavyomwondoa mtoto karibu na jiko. Akamwita ami, akamuuliza mafuta yamebaki kiasi gani. Ami akapima kwa kijiti, akamwonesha kijiti bila kusema. Kisha baba akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Badala ya kugeuza kusini pale pale tulipokuwa, akaelekeza nchi kavu, akausogelea mwamba wa Pemba mpaka nikaona kwa macho yangu rangi ya maji inavyokatika, buluu nzito upande huu, kijani upande ule, na baina yake mstari wa povu, majani ya bahari na vijiti vilivyokusanywa na mkondo. Akauvuka mstari ule. Hapo ndipo akageuza kusini.

"Mkondo hauko sawa kila pahala," akaniambia, na hayo ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu asubuhi ile. "Katikati unakimbia. Pembeni, karibu na mwamba, unachoka. Mwenye mafuta kidogo hapigani nao katikati."

Tulipanda kusini tukiuambaa mwamba muda mrefu, mawimbi usoni, ami na mimi tunafua maji kwa zamu. Chombo kilikuwa kinakwenda, lakini kwa kutazama mnazi mmoja ufukweni ungesema tumesimama. Kukifikia kisiwa cha Fundo tusingeweza kwa mafuta yale, kwa hiyo baba akaamua tuingie kwa mlango wa Njao, upenyo wa maji kando ya kisiwa cha jina hilo. Tukaufikia karibu saa nne. Na hapo tena tukakutana na jambo la pili ambalo kijana wangu hajui, maana simu yake haina.

Siku ile ilikuwa bamvua, siku za maji kujaa na kupwa kupita kawaida. Kwetu ukijua mwezi unaijua saa ya maji: mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kama saa kumi, ya alfajiri na ya jioni, na hupwa kama saa nne. Baina ya kujaa na kupwa kwa bamvua kuna mita kama nne. Fikiria maji yote yaliyo baina ya Pemba na visiwa vya Njao, Fundo, Uvinje na Kokota yanashuka mita nne, na njia yake ya kutokea ni milango michache tu. Yanatoka kama mto. Chombo kizito, mafuta ya kijitini, hakiingii. Baba akatia nanga nje, kwenye maji mafupi, tukangoja. Hakuna aliyezungumza. Mbuzi wawili walikuwa wamekufa kwa kiu. Maji yalipogeuka, yalituchukua yenyewe kuingia ndani, mashine inazunguka polepole tu kwa ajili ya usukani kushika.

Sasa nirudi kwenye simu, maana sitaki mtu adhani naipinga. Mimi mwenyewe ninayo, na laiti baba angekuwa nayo 1997 angeamka saa nane usiku akaona mara moja tulipo. Kifaa kile kinakwambia ulipo, kwa usahihi ambao nahodha hodari kuliko wote hakuwahi kuupata kwa nyota. Tatizo ni namna vijana wanavyokitumia. Wanaelekeza omo kwenye alama ya Wete. Mkondo unawasukuma kaskazini, alama inahamia kulia kidogo, wanageuza omo kuifuata. Unawasukuma tena, wanageuza tena. Kila wakati omo inatazama Wete, na kila wakati wanajiona wako sawa. Ukiitazama njia waliyopita kwenye ramani, si mstari, ni upinde: umeondoka Tanga, umepanda kaskazini, kisha mwisho unapinda kurudi kusini. Na ile sehemu ya mwisho, wakati mafuta yamepungua na watu wamechoka, ndipo wanapopigana na mkondo uso kwa uso. Wamelipa deni lote mwisho wa safari, wakati anayeinamisha omo tangu mwanzo analipa kidogo kidogo.

Simu hiyo hiyo inaweza kukusaidia ukijua cha kuiuliza. Inaonesha chombo kinasogea kwenda wapi, na dira inakuonesha omo inatazama wapi. Ile tofauti baina ya hayo mawili, mwanangu, ndiyo mkondo na upepo vinavyokufanyia. Itazame tofauti hiyo kila nusu saa. Ikiongezeka, umeingia kwenye maji yanayokimbia, inamisha zaidi. Ikipungua, unakaribia mwamba. Na pindi simu ikizima, na maji ya chumvi hayana huruma na simu, utakuwa tayari unajua digrii zako.

Nimesema sana juu ya kusi, kwa sababu kusi ndilo linalochukua watu mbali. Kaskazi ina ubaya wake wa namna nyingine. Hapo mkondo unakwenda polepole, hesabu ya kuinamisha omo inakuwa ndogo, na wengi wanaona ndiyo salama. Lakini upepo unashuka na maji yanapanda. Wimbi linalokuja kutoka kaskazini likikutana na maji yanayokwenda kinyume chake linafinywa: linakuwa fupi, linanyanyuka, mgongo wake unasimama kama ukuta. Upepo ule ule, nguvu ile ile, ndani ya visiwa unaona vijiwimbi tu, na ukitoka mkondoni chombo kinapanda na kuanguka bila kupata nafasi ya kuvuta pumzi. Hapo ndipo mbao zinapoachia misumari. Mamlaka ya Hali ya Hewa wakitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, usikilize na uuheshimu, kisha ujiulize upepo huo unatoka wapi na maji yanakwenda wapi. Tangazo ni la pwani nzima. Mahali upepo na mkondo vinapogombana ni pako wewe kupajua.

Vimbunga sitavieleza sana, maana Mungu ametuweka mahali vinapofika mara chache. Vinahitaji mzunguko wa dunia kuvisokota, na karibu na ikweta nguvu hiyo ni ndogo. Lakini mara chache si kwamba havifiki. Aprili 15, 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja merikebu za Sultani Barghash bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa kile. Pemba ikasalimika, na tangu hapo karafuu ikawa yetu zaidi kuliko yao. Na Mei 2024 Hidaya ilipokuja mpaka Mafia, wengi wetu tulivuta vyombo juu na kukaa nyumbani, na nilifurahi kuona vijana wametii kabla hawajalazimishwa.

Kuna jambo moja zaidi, na hili siwezi kuliandika haraka. Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, Spice Islander ilizama kwenye mkondo wa Nungwi ikija Pemba. Idadi ya waliopotea ilitajwa baadaye kuwa zaidi ya 1,500. Hakuna nyumba Pemba isiyomjua mtu aliyekuwemo. Ilipakia kupita kiasi, hilo linajulikana. Ila wanaokumbuka siku zile watakumbuka pia kwamba wazamiaji walikuja kutoka Afrika Kusini kuifikia meli, wakashindwa, kwa kina na kwa ukali wa mkondo. Maji ambayo mtaalamu mwenye vifaa vyake vyote anayaacha, sisi tunayavuka kila wiki na vitunguu. Sisemi tuache. Nasema tu kwamba ninapomwona kijana anayaingia akiwa ametazama mstari wa simu peke yake, nasikia kitu kifuani.

Safari ya juzi nilimpa usukani. Kabla sijasema neno aliniuliza mwezi wa leo ni wa ngapi. Nikamwambia kumi na mbili. Akahesabu kwa vidole, akasema mlangoni tutakuta maji yanatoka, bora tuchelewe saa moja kuondoka. Tukachelewa. Katikati ya mkondo nikamwona anatazama simu, kisha dira, kisha simu, na akainamisha omo digrii tano bila kuniuliza. Mawimbi yalimlowesha usiku kucha. Hakuiachia.

Baba bado yupo, macho yamepungua, anakaa barazani Wete na redio yake. Kila tukiingia, kabla hajauliza mzigo wala bei ya mbuzi, ana swali lake moja.

"Mliuona mnara?"

"Hatukuuona, baba," nikamjibu.

"Alhamdulillahi," akasema, akasogea kumpisha kijana akae.